Rejeta mpya sebuleni: nyota nne, ya tano imebaki kwenye zulia

Ukisema rejeta watu wanafikiria gari. Hii ni ya ukutani, ile ya maji ya moto inayotupashia nyumba huku Leicester, Uingereza. Yangu ilikuwa imekula chumvi nyingi: juu inaunguza, chini katikati baridi tupu, na kutu imeshaanza kutokeza kwenye mshono.

Rejeta nilinunua mwenyewe, pauni 85, nikajua shughuli imeisha. Kumbe ya zamani ilikuwa ya inchi, futi nne kamili, yaani milimita 1,219. Mpya ni milimita 1,200. Milimita 19 tu, lakini ndizo zilizonitoa jasho. Fundi wa kwanza akataka kulivuta bomba kwa nguvu mpaka lifike. Nikamwambia, ahsante kaka, liache.

Fundi wa pili ndiye ninayempa nyota hizi. Mzee wa Kigujarati, kazaliwa Kisumu, Kiswahili chake bado kipo, kinachechemea kidogo. Alizima boila, ule mtambo unaopasha maji, akatoa maji yote, na mabaki akayakinga kwa beseni aliponyanyua ile kuukuu. Meusi kama wino wa ngisi! Akachovya sumaku, ikaibuka imeota ndevu. "Dada, hii kutu ndiyo nakaa chini, moto napita juu." Basi nikaelewa kwa nini miaka yote nilikuwa naota moto upande mmoja.

Hakuvuta kitu. Aling'oa mbao mbili za sakafu, akakata bomba la shaba, akaweka viungo vya kona na kulehemu, bomba likapanda wima mpaka kwenye vali. Na kwa kuwa rejeta mpya ina mabati mawili, ni nene, mabomba yote mawili aliyasogeza mbali kidogo na ukuta. Hilo mimi nisingeliwaza. Akajaza maji pamoja na dawa ya kuzuia kutu, akatoa hewa, mshale wa presha wa boila ukatulia kwenye baa 1.2. Vali ya kushoto akaifungua kidogo tu, ili rejeta za vyumbani nazo zipate maji ya moto.

Ufundi pauni 210, kazi ya muda wa saa nne. Ghali, ila usiku ule nilivua soksi.

Lawama yangu: aliahidi saa tatu akaja saa tano, na nailoni aliyotandika ilikuwa fupi. Matone matatu meusi yameangukia zulia langu la rangi ya maziwa. Nimesugua mpaka nimechoka. Sasa hivi kuna kigoda juu yake.