Deilili kwenye matuta ya boksi: mfuko upi ununue kwanza, na upi uuache dukani

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: deilili zangu zina majani mengi mazuri tu ila maua ni mawili matatu, ninunue mbolea gani? Na jibu langu huwa linawakata watu stimu kidogo, maana nawaambia mbolea baadaye, anza na udongo. Tuta la boksi, yaani fremu iliyowekwa juu ya ardhi ikajazwa udongo, likiwa na udongo mchovu ni kama ndoo iliyotoboka, unaweka mbolea leo, unamwagilia kesho, keshokutwa imeshaoshwa imeenda chini na mmea haujapata kitu. Kwa hiyo hapa nimepanga kwa mtiririko wa hela yako inavyotakiwa kutoka mfukoni, cha kwanza kwanza, na mwishoni nitataja vile ambavyo mi nisingenunua kabisa.

Kwa wasioijua vizuri, deilili ni Hemerocallis, ua moja linafunguka asubuhi na linasinyaa siku hiyohiyo, ila kikonyo kimoja kinabeba matumba kibao yanayopokezana kwa wiki kadhaa. Sio yungiyungi wa kweli na haina kitunguu chini, ina mizizi minene ya nyama inayohifadhi maji na chakula. Nalisema hili mapema kwa sababu madukani kuna mifuko imeandikwa mbolea ya maua ya vitunguu na muuzaji atakupa hiyo akisikia tu neno lili. Irudishe. Halafu kama una paka nyumbani jua kwamba mmea huu ni sumu kwake, unaua figo, majani na maua yote, sasa hilo liamue kabla hujanunua chochote.

Kabla ya vyote: pima udongo

Hiki ndo kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha na ndo kinachookoa hela nyingi kuliko vyote. Ukiweza peleka sampuli maabara ya udongo, chukua vijiko vya udongo sehemu tano au sita za tuta, kina cha sentimita 15 hivi, changanya kwenye ndoo safi, kausha kivulini, peleka. Deilili inataka pH (kipimo cha tindikali ya udongo) kati ya 6 na 7, ikiwa 6.5 hapo ni raha mustarehe. Ikipanda sana juu ya 7 unaanza kuona majani machanga yanakuwa njano huku mishipa imebaki kijani, watu wanakimbilia naitrojeni kumbe chuma kipo kwenye udongo ila mmea haukifikii. Hapo hata umwage mfuko mzima haisaidii.

Vile vijiti vya bei rahisi vya kuchomeka ardhini vyenye mshale, mi siviamini, nimewahi kuchomeka viwili tuta moja vikanipa majibu mawili tofauti kabisa. Bora hata vile vya kuchanganya udongo na maji na dawa ya rangi. Na chokaa au salfa usinunue mpaka majibu yatoke, chokaa inapandisha pH, salfa inashusha tena taratibu sana maana ni bakteria wa udongo wanaoifanyia kazi kwa miezi. Majivu ya kuni nayo yanapandisha pH, kwa hiyo usiyamwage tu kwa vile ni ya bure.

Namba 1: mboji iliyoiva

Hapa ndo nusu ya bajeti yako iende, sitanii. Mboji inafanya kazi ambazo mbolea ya chumvichumvi haiwezi: udongo wa kichanga unaanza kushika maji, wa mfinyanzi unaachia hewa, minyoo wanakuja, na chakula kinatoka kidogokidogo. Shida ni kwamba neno mboji kwenye mfuko halina maana yoyote mpaka ufungue, kwa hiyo jifunze kuikagua. Iwe nyeusi au kahawia iliyokolea, inukie kama msitu baada ya mvua. Ikinuka kama mkojo au kama kitu kimechacha bado haijaiva. Tia mkono katikati ya mfuko, ukihisi joto jua bado inapikika humo ndani na itachoma mizizi. Minya ngumi moja, ikitoa maji yanachuruzika unanunua maji kwa bei ya mboji, na ndo maana nasema siku zote nunua kwa lita sio kwa kilo.

Kingine, na hili naliomba mlichukulie kwa uzito: mboji na samadi zinaweza kubaki na dawa ya magugu iliyopigwa kwenye malisho, kuna aina kama aminopyralid ambayo inapita tumboni mwa ng'ombe, inapita kwenye lundo la mboji, na bado inakuja kukunja mimea yako. Deilili yenyewe inaweza kuvumilia ila mimea ya majani mapana utakayopanda pembeni itaumia. Kabla ya kununua mzigo mkubwa chukua mfuko mmoja, jaza makopo matatu, panda maharage, na makopo mengine matatu yajaze udongo unaouamini na upande maharage hayohayo. Subiri wiki tatu. Majani yakijikunja kama vikombe kwenye makopo ya mboji tu, basi huo mzigo achana nao. Mimi nilishawahi kuruka hiki kipimo kwa haraka zangu, tuta zima likaniharibikia msimu mzima na aliyeniuzia hata hakujua kilichokuwemo.

Kiasi: tuta la mita 1.2 kwa 2.4 lenye kina cha sentimita 30 linameza lita kama 860. Kama unalijaza upya weka nusu udongo wa kawaida wa bustani, robo mboji, robo kitu cha kulegeza (nakuja huko), kwa hiyo mboji ni kama lita 215, mifuko minne na kidogo ya lita 50. Kama tuta lipo tayari na deilili zimo, tandaza sentimita 2.5 mpaka 5 juu kila mwaka, hiyo ni mifuko miwili mpaka mitatu tu. Ila usifukie kupita kiasi shingo ya mmea, pale majani yanapokutana na mizizi, inatakiwa ikae sentimita 2.5 chini ya udongo na sio zaidi, watu wengi wanaongeza mboji mwaka hadi mwaka mpaka shingo imezama na maua yanapungua halafu wanailaumu mbolea.

Na usijaze tuta kwa mboji tupu. Najua inavutia. Inashuka kila mwaka, mimea inazama nayo, na fosforasi inajikusanya kupita kiasi mpaka inaanza kuzuia chuma na zinki.

Namba 2: magome ya misonobari yaliyosagwa

Hii wengi hawaijui na mimi naipenda kupita maelezo. Vipande vidogo, chini ya sentimita moja, vimekaa vikazeeka kidogo. Havitoi chakula cha maana ila vinaweka nafasi za hewa kwenye mfinyanzi na vinadumu miaka kadhaa kabla ya kuoza, mizizi minene ya deilili inapita humo vizuri na haiozi. Usipoipata, kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) inafaa, ila iloweke na kuisuuza kwanza kwa sababu nyingine zinakuja na chumvi nyingi. Piti mosi (mabaki ya kuvumwani yaliyooza) pia inafanya kazi lakini ina tindikali, na ikikauka kabisa inakataa maji, yanateleza juu tu. Pelaiti (vipunje vyeupe vyepesi vya mawe yaliyochomwa) ni nzuri ila kwa tuta zima inakula hela bure, iache ya makopo.

Mchanga kwenye mfinyanzi? Hapana kabisa. Utapata kitu kama tofali.

Namba 3: mbolea ya punje inayoachia polepole

Sasa tumefika kwenye mbolea yenyewe. Zile punje za mviringo zenye ganda, kama Osmocote, zinaachia chakula kidogokidogo kwa miezi mitatu minne au zaidi kutegemea joto la udongo, udongo ukipata joto zinaachia haraka, ukipoa zinapunguza. Kwa tuta la boksi, ambalo maji yanapita haraka kuliko ardhi ya kawaida, hii ndo chaguo langu la kwanza kwenye mbolea zote. Tafuta yenye namba zinazolingana, kama 14-14-14 (naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kwa mpangilio huo), na kama vipimo vyako vilisema fosforasi ipo ya kutosha tafuta yenye namba ya katikati ndogo. Unaweka mara moja majani mapya yanapoanza kusukuma, unafukia kidogo, basi. Ni ghali ukilinganisha na za kawaida, sikatai, ila unaitumia mara moja wakati ile nyingine utarudia na utakosea kipimo angalau mara moja.

Namba 4: NPK ya kawaida

Kama hela imebana chukua hii bila aibu. 10-10-10 au 17-17-17, zote sawa, tofauti ni ukali tu. Hizo namba ni asilimia kwa uzito, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 wa 10-10-10 una kilo 2.5 za naitrojeni, wa kilo 10 wa 20-20-20 una kilo 2. Gawa bei kwa hizo kilo na utajua nani anakuuzia chakula na nani anakuuzia mfuko wenye picha ya maua.

Kipimo ninachotumia mimi ni gramu 5 za naitrojeni halisi kwa mita moja ya mraba kila unapoweka. Yaani gramu 50 za 10-10-10, au gramu 30 hivi za 17-17-17. Lile tuta letu la karibu mita 3 za mraba linataka gramu 150 za ile ya kwanza, pima kwa mizani usikadirie kwa kiganja. Mwaga mbali kidogo na shingo, usiache punje zimekaa kwenye majani, mwagilia saa hiyohiyo.

Namba 5: alfalfa ya vidonge

Wakulima wa deilili wanaipenda sana na kuna sababu. Ile chakula cha farasi iliyogandamizwa ina naitrojeni kama asilimia 2 mpaka 3, na pia ina kitu kinaitwa triacontanol ambacho mwaka 1977 watafiti wa Michigan State University walionyesha kinachochea mimea kukua. Nunua ya alfalfa tupu, angalia nyuma ya mfuko isiwe imeongezwa chumvi wala molasi. Konzi mbili tatu kuzunguka kila mmea, fukia, mwagilia. Usiiache juu maana inavimba, inaota ukungu, inanuka, na panya wanaifuata. Na usirundike sehemu moja maana ikianza kuoza inatoa joto. Mimi naitumia kama nyongeza juu ya mboji, siitegemei peke yake.

Namba 6: samadi

Samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi sita au zaidi ni nzuri, iko karibu na mboji ila haina uhakika uleule. Ya kuku ina nguvu sana, ikiwa mbichi inaunguza, hata iliyoiva tumia kidogo. Kama unaipata bila hela na unaweza kuisubiri, panda nayo juu mpaka namba 2, sitagombana na wewe.

Mbolea ya maji ya samaki naiweka hapa pia, ni ya kumsaidia mgonjwa: mmea umegawanywa juzi, mizizi bado midogo, unampa kidogo kila wiki mbili. Kulisha tuta zima kwa chupa utachoka na hela itaisha.

Viache dukani

Unga wa mifupa: chakula chake kikubwa ni fosforasi, inatoka taratibu mno, na pH ikishafika 7 karibu haitoki kabisa, halafu mbwa wanafukua tuta zima wakiifuata. Mbolea za kuchochea maua zenye namba ya katikati kubwa kama 10-52-10, na DAP yenye 18-46-0, ni stori hiyohiyo, tuta lenye mboji huwa tayari lina fosforasi. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kijiko kimoja cha chakula kinatosha mita nzima ya mraba, ukizidisha unapata majani marefu yanayolala na maua hakuna, na huenda ndo kilichompata yule mwenye swali la mwanzo. Ila kabla hajalaumu urea ahesabu kwanza saa za jua, deilili inataka sita kwa siku, chini ya hapo hakuna mfuko utakaomsaidia. Chumvi ya Epsom usiguse kama vipimo havijasema magnesiamu imepungua. Vumbi bichi la mbao linachukua naitrojeni ya udongo wakati linaoza, likae juu kama matandazo tu, usichanganye ndani.

Ratiba yenyewe haina mambo mengi. Mboji na mbolea majani mapya yanapoanza, halafu kama unatumia NPK ya kawaida rudia mara moja maua yakiisha, nusu ya kipimo. Wakati wa joto kali acha kabisa kulisha, naitrojeni nyingi na joto na unyevu vikikutana kwenye shingo ya mmea inaoza, utaivuta kwa vidole viwili na itatoka. Matandazo sentimita 5, yasiguse shingo. Na kila baada ya miaka mitatu mpaka mitano ukizing'oa kuzigawa, hapo ndo nafasi yako ya kulichimba tuta lote na kuingiza mboji na magome mpaka chini, maana mimea ikisharudi unabaki unafanya kazi ya juujuu tu.