Fundi alibandika karatasi yake pale mashini inavutiaka hewa

Naandika hii na kasirani, mutanisamehe. Nilisema nitangoja kwanza roho ipoe, lakini kila mara nikigeuza hii laptop naona alama ya gundi pale chini na roho inapanda upya.

Mi niko na sekretaria kadogo huku Lubumbashi, naandikiaka banafunzi TFC na memware (vile vitabu vya kumaliza masomo), na bantu bengine barua za kuomba kazi. Kazi yote iko ku laptop moya tu, ya okazio, sikatale, lakini miaka mbili haikunisumbua. Sasa mwezi wa kenda ukaingia. Benye hawaishi huku banaona kama tunapigwaka na baridi tu, ni kweli mu Juni unalala na blanketi mbili, lakini ile Septemba na Oktoba mbele ya mvua kuanza, jua inapiga ku mabati na vumbi nyekundu inaingia mpaka mu chumvi. Njo ventilatere, ile feni ya ndani ya laptop, ikaanza kulia. Kwanza polepole, nyuma sawa mashini ya kusaga mihogo, mpaka kiliya moya ananiuliza, "Mama, kuko ndege inatua?" Ukiipakata mapaja inaungua, bora mbabula. Na kama saa saba ya muchana inazima yenyewe, pa, mu katikati ya ukurasa, mwanafunzi amesimama nyuma yangu ananiangalia sawa mimi njo nimekula memware yake.

Nikapeleka kwa fundi moya wa mjini, jina siandike, mwenyewe anajijua. Duka ya vioo, na klima inapuliza baridi mpaka unatafuta kitenge ya kujifunika. Mukumbuke ile klima. Hata karibu hakuniambia. Akaweka mashini ku meza, akawasha, na mule mu baridi ventilatere ikanyamaza kabisaaa, sawa mutoto mwenye kulia usiku muzima halafu mbele ya munganga anacheka. Bwana akacheka naye. "Mama, hii haina ugonjwa. Ni joto ya Lubumbashi. Unataka nitengeneze jua?" Na benye walikuwa banangoja nyuma yangu bote bakacheka. Namuambia, papa, hapa haizime juu kuko klima, kwangu njo inazimaka. Anajibu, "Basi nunua klima." Haki ya Mungu! Ukurasa moya ni franga ngapi, mpaka mimi ninunue klima?

Mwisho akakubali "kusafisha", dola kumi, pita kesho. Kesho ikakuwa siku ine. Narudi, anapokea pesa bila kuniangalia ku uso, na chini ya mashini ameshabandika karatasi yake ya kungaa, namba ya simu na neno garanti. Nafika nyumbani, naandika, hata dakika makumi mbili haziishi, imezima. Zamani ilikuwa inangojaka mpaka muchana, sasa hata asubuhi!

Ile siku ningeandika nyota ziro, musikanyange pale, na kumaliza. Lakini nikarudi kwanza kumutukana, na patron, yule fundi mwenyewe, hakukuwa. Kulikuwa kijana moya tu, yule anatumwaka kununua mikate. Nikamwanga yote juu yake, masikini. Akaniacha nimalize, akageuza mashini, akaangalia ile karatasi, akaangalia mulango, akaiangalia tena. "Yaya, hapa njo inavutiaka hewa." Karatasi ya garanti ilikuwa imefunika matundu yote. Mashini ilikuwa inapumua na pua imezibwa!

Akaibandua, akatwaa turnevisi, akafungua. Bantu ba Mungu, mule ndani. Katikati ya ventilatere na ile bati yenye meno madogo madogo pa kutokea joto, vumbi imeshikana mpaka imekuwa kitambaa, aliivuta na vidole ikatoka kipande moya, nyekundu-nyekundu, ungeshonea mutoto kofia. Akapiga na brashi ya kupakia rangi, na mbele ya kupuliza akashika ventilatere na kidole isizunguke, anasema ukiiacha izunguke na nguvu ya pompi inajiharibu, na njo makelele inaanza ya kweli. Ile pati ya kupitisha joto, ya juu ya prosesa (njo ubongo ya mashini), ilikuwa imekauka sawa bukari ya jana ku chungu, akafuta na alkole, akaweka mupya, kiasi ya punje ya muchele. Mu Windows akashusha nguvu ya prosesa kutoka 100 mpaka 99 kwa mia, banasema vile haijisukume kupita kiasi. Kwa kuandika tu mi sioni tofauti.

Halafu, na hii njo ilinimaliza, hakuipima mu klima. Akaibeba inje, ku baraza, saa saba kamili, akasema tuipimie kule inateswaka. Programu ya kupima joto ilikuwa inaonyesha digri 97, sasa 74, na ventilatere unaisikia tu ukitega sikio. Nikakaa pale ku baraza sawa mujinga, nikataka kulia.

Basi nyota ngapi? Kijana, tano, hata sita. Duka… nilikuwa nafikiri tatu, juu kijana naye ni wa duka. Lakini patron akafika. Anauliza nani aliruhusu kufungua, anadai dola tano zingine ya pati. Kijana anaangalia chini. Nikalipa, sikutaka amufukuze, na kijana nikamushikisha kitu kidogo ku mukono. Narudisha ku moya.

Mukienda, muende wakati patron hayuko. Ao musiende. Sijui.

Na bado. Wakati wa kufunga, kijana alihesabu visi, zikakosa mbili, kwa kona ya kushoto. Yeye alizikuta zinakosa. Maana yake mukubwa alitoa mbili, akachoka, akabandika karatasi. Ile kona inafunguka mpaka leo, na vumbi inapitia pale pale. Visi zangu ziko kwake, na kesho nazifuata.