Maelezo ya zana kwa maajenti wa AI: fupi au refu?

Jamani hapa Kigoma tunajaribu maajenti wawili wa AI (programu zinazojifanyia kazi zenyewe kwa kutumia modeli ya lugha), mmoja anapokea oda za dagaa wa Kibirizi, mwingine anatafuta usafiri wa kwenda Tabora, sasa tukabishana sana juu ya maelezo ya zana moja (kitendo ambacho ajenti anaweza kukiita), tuma_kazi. Tuna matoleo mawili.

Toleo la kwanza: "Hutuma kazi kwa ajenti mwingine." Halili tokeni nyingi (vipande vya maneno ambavyo modeli inasoma), na kama zana ni hiyo moja tu linatosha. Ila weka pembeni yake zana nyingine, uliza_bei, uone, mteja kauliza tu gunia 12 usafiri bei gani, ajenti kashatuma kazi, jibu likichelewa anatuma tena, mzigo uleule una oda mbili! Modeli haioni programu ilivyoandikwa ndani, inaona jina, maelezo na vigezo (taarifa za kujaza, kama uzito) basi.

La pili: "Tumia pale tu mteja ameshakubali bei. Usitumie kuulizia bei. Uzito kwa kilo. Jibu likikosekana, angalia hali ya kazi kabla ya kutuma tena." Linakula tokeni zaidi kweli, lakini mi nachukua hili, hiyo "usitumie" ndo inaokoa. Ila msipime kwa macho, yapeni yote mawili maombi yaleyale, mengine ya mtego kama "nipakilie kesho nikipata hela", mhesabu lipi linamfanya ajenti atume kazi isiyotakiwa.