Seti ya geji ya kupima njia ya dizeli: mshale mzuri, mpira mbovu

Lori lenye mzigo linaishiwa nguvu kwenye mwinuko wa Mazeras, likifika tambarare linavuta vizuri. Wengi hapo hukimbilia kuteremsha pampu. Kumbe mara nyingi pampu ni nzima, ila ina njaa: dizeli haifiki ya kutosha. Seti hii, inayouzwa Mombasa bila jina la maana kwenye boksi, ni ya kukata ubishi huo.

Ndani mna geji ya pande mbili (mvuto hadi inchi 30 za zebaki, presha hadi baa 2), tii (kiungo cha njia tatu cha kuunganisha geji na mpira wa dizeli), mita moja ya mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, na bolti za tundu, zinazopitisha dizeli katikati, za milimita 10, 12 na 14.

Geji yenyewe haina kasoro. Imejazwa glisirini, hivyo mshale hautetemeki injini inaponguruma. Ubovu uko kwenye mpira. Ni laini mno: ukipata joto la injini unalegea, mvuto unaubana ukawa bapa kama utambi wa jiko, na mshale unapanda kwa kosa la mpira, si la gari. Weka mpira mweusi wa dizeli wa milimita 8 na klipu mpya, ubakishe kipande cha sentimita 15 tu cha ule wa plastiki, karibu na pampu, cha kuchungulia mapovu.

Tii huingia baina ya filta na pampu. Toa hewa kwa pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, washa injini, acha ipate moto, kisha kanyaga mpaka mwisho. Injini nyingi kubwa huvumilia inchi 8 hadi 10 filta ikishachafuka (10 ni kama baa 0.34), lakini kitabu cha injini yako ndicho chenye neno.

Mshale ukizidi hapo, usiguse filta kwanza. Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia fyuu na mshale ukashuka, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Usiposhuka, hamishia tii kabla ya filta: ukishuka sasa, filta ndiyo iliyoziba, ukibaki juu, angalia mpira uliojikunja au chujio la ndani ya tangi. Tangi linalolazwa nusu kwa unyevu wa pwani hukusanya maji, na ute mweusi unaoota humo huziba chujio hilo.

Mshale uko karibu na sufuri na gari bado halivuti? Mapovu kwenye plastiki ni hewa inayoingilia kwenye klipu au washa (pete bapa za kuzibia bolti). Kama hayapo, hapo ndipo pampu na nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya injini) zishukiwe.

Washa za boksini ni za alumini, zikikazwa mara ya pili zinapitisha hewa. Nunua za shaba. Pampu ya umeme inayosukuma zaidi ya baa 2 itapinda mshale. Upande wa reli, bomba la presha kubwa linalolisha nozeli, geji usiisogeze kabisa: huko presha hupita baa 1,000, na dizeli hutoboa ngozi.