TAHADHARI: Huyu "ajenti wa viza" wa Guangzhou anayekusanya pasi za watu

Wadau mlioko China na mnaojiandaa kuja, hasa nyie mnaofuata mzigo Guangzhou na Yiwu, naomba msome hii maana nimechoka kupigiwa simu usiku na watu wanaolia. Kuna mtu anazunguka kwenye magrupu yetu ya WeChat (ile programu ya simu ya huku China ya kuchati na kulipana) anajiita ajenti wa viza. Jina silitaji, na hata nikilitaja halitawasaidia, mwezi huu anaitwa hivi mwezi ujao anaitwa vile, leo kaweka picha ya bendera ya Tanzania kesho ya Kenya. Kinachobaki vilevile ni namna anavyowapiga watu, kwaiyo shikeni hiyo.

Kiswahili anaongea kizuri tu, mpole, anakuita mama, dada, bosi. Hakufuati ukiwa umeingia jana. Anasubiri uandike kwenye grupu kitu kama "jamani viza yangu inaisha wiki ijayo na kontena bado halijajaa, kuna anayejua pa kuongezea?" Hapo hapo anakuja inboksi, kwenye grupu hajibu hata siku moja. Atakwambia ana mtu wake ndani, we ofisini huna haja ya kwenda kusumbuliwa na Kichina, lete pasi, picha mbili na nusu ya hela, siku tano unaletewa pasi yako mpaka hotelini ina stika mpya ya viza. Yote hayo anaongea kwa voisi, kuandika hataki. Na zile voisi za kutaja hela anazifuta kabla dakika mbili hazijaisha, maana baada ya hapo WeChat haimruhusu tena kufuta upande wako.

Sasa mchezo wote uko kwenye siku. Sheria ya hapa ya kuingia na kutoka kwa wageni, ile iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inataka anayeongeza muda aombe siku 7 kabla muda wake haujaisha. Huyu jamaa anaijua hiyo namba kuliko sisi wote. Anapenda sana mtu aliyebakiza siku nane, tisa hivi. Anachukua pasi yako, anakaa nayo, kesho, keshokutwa, mtu wangu kasafiri, leo sistimu iko chini, wikiendi hawafanyi kazi. Dirisha lako la kwenda mwenyewe linafungwa huku unamsubiri yeye. Halafu siku ya mwisho inapita, na siku inayofuata sauti inabadilika. Si ajenti tena huyo, ni mtu aliyeshika pasi yako na anajua we sasa umezidisha siku.

Kuna mama mmoja, mfanyabiashara wa mapazia, mtu mzima wa kuheshimika kabisa, ndo nilikaa naye tukapitia simu yake mwanzo mpaka mwisho. Alimpa pasi mkononi nje ya stesheni ya metro ya Xiaobei, ule mtaa wa Guangzhou wanakojaa Waafrika, sio ofisini wala dukani, nje, watu wanapita. Hela akaambiwa askani msimbo wa malipo (QR) wa mtu mwingine kabisa, jina la Kichina ambalo mpaka leo hatujui ni la nani. Alipoanza kuulizia ushahidi akatumiwa picha ya karatasi eti ndo risiti ya polisi. Nimeiona kwa macho yangu. Jina la mama limeandikwa kwa herufi nene tofauti na karatasi nzima, namba ya pasi imepungua tarakimu moja, na ule muhuri mwekundu haujagusa hata herufi moja, umewekwa pembeni peke yake kwenye uwazi. Mama alikuwa amefurahi, alishaisambaza kwa mwanae nyumbani kwamba mambo yameiva.

Siku zilipopita ndo akaja na voisi ndefu: mama umeingia kwenye orodha nyekundu, ukitoka nje unakamatwa, unafungwa, unapigwa marufuku miaka kumi, mtu wangu anataka yuani 15,000 kukusafisha.

Hapo ndo nataka msome taratibu. Sheria hiyo hiyo kwa aliyezidisha siku inaanzia na onyo. Kesi ikiwa nzito ndo faini ya yuani 500 kwa kila siku uliyozidisha, na haiwezi kuvuka yuani 10,000 kwa jumla hata ukae mwaka, au mahabusu ya siku 5 mpaka 15. Kwaiyo huyu mwizi alikuwa anamtoza mama kwa siku chache pesa inayozidi faini kubwa kuliko zote ambayo serikali ya China yenyewe inaweza kumtoza mtu kwa kosa hilo. Hiyo miaka kumi nayo ipo kwenye sheria ila ni ya anayefukuzwa nchini kwa kosa zito, na anayerudishwa kwao kawaida marufuku yake ni mwaka 1 mpaka 5. Sisemi kuzidisha siku ni mchezo, mahabusu ni mahabusu na marufuku hata ya mwaka mmoja inaua biashara. Nasema anakutisha na kitu kikubwa ili ukikimbilie kwake badala ya kwenda polisi ambako pengine ungetoka na onyo.

Na gharama halali je? Ada ya kuongeza viza ni yuani 160. Mia na sitini! Unalipa ofisini, unapewa risiti. Yeye anaanzia elfu tatu.

Utaratibu wenyewe sio mgumu kama wanavyoutangaza, unachosha tu. Ofisi unayoitafuta iko chini ya polisi, kitengo cha kuingia na kutoka cha mji ule unaokaa, kwaiyo aliyeko Yiwu asipande treni kuja Guangzhou. Unaenda na pasi, picha, fomu, karatasi za sababu yako (kama ni biashara, barua ya kampuni ya Kichina unayofanya nayo kazi yenye muhuri wao na kopi ya leseni yao), na ile karatasi ya kuandikishwa unapolala. Hii ya mwisho ndo inawarudisha watu wengi mikono mitupu. Ukikaa hotelini hoteli ndo inakuandikisha, ila ukihamia kwa rafiki au ukapanga chumba, wewe au mwenyeji wako mnatakiwa mwende kituo cha polisi cha mtaa ndani ya masaa 24. Wengi hawaendi, halafu siku ya kuongeza viza ndo wanaambiwa anwani yako haipo, na kwa kutojiandikisha kuna onyo na faini inayoweza kufika yuani 2,000. Ajenti feki anakwambia usijali nitakuwekea anwani ya kwangu. Eti ya kwako! Siku polisi wakienda kwenye hiyo anwani wakakuta ni stoo ya viatu, anayejieleza ni wewe.

Ukikabidhi pale dirishani wanabaki na pasi, na wanakupa karatasi ya kupokelewa kwa ombi. HIYO KARATASI NDO KILA KITU. Ina jina lako, na kwa kuongeza viza muda wake hauzidi siku 7, ndani ya hizo siku wanatakiwa wawe wameshaamua. Kwa kibali cha ukaazi ni siku 15. Kipindi chote pasi yako iko kwao, karatasi hiyo ndo inakufanya uwe halali nchini. Mgeni yeyote wa miaka 16 kwenda juu anatakiwa atembee na pasi yake hapa, na pale Xiaobei mnajua wenyewe ukaguzi ulivyo. Sasa niambie, ukisimamishwa na pasi iko kwa "mtu wa ndani", unatoa nini? Picha ya WeChat?

Ajenti halali wapo, nisiwasingizie wote. Kanuni zinaruhusu kampuni ya huduma au aliyekualika akupelekee maombi kwa hali fulani fulani, mfano mtoto chini ya miaka 16, mzee wa zaidi ya 60 au mgonjwa. Lakini hata hapo ile karatasi inatoka kwa jina lako na unatakiwa uione yenyewe, siku ile ile pasi iliyopokelewa. Akisema karatasi inabaki kwa bosi wake, au atakutumia picha jioni, chukua pasi yako uondoke. Usione aibu. Watu wetu tuna hii tabia ya kuona aibu kumdai mtu anayetuita mama.

Uongo wake mwingine ni wa miezi. Anawaahidi watu walioingia kwa viza ya siku 30 kwamba atawapa miezi sita, wengine mwaka. Haiwezekani kwa njia hiyo, siku zote utakazoongezewa ukizijumlisha hazitakiwi kuzidi zile ulizopewa mwanzo kwenye viza. Ulipewa 30, nyongeza zako zote hazivuki 30, basi. Anayekupa mwaka kwenye stika ya mwezi amekuprintia stika, na hiyo utaijua siku ya kuondoka pale dirisha la uwanja wa ndege wakiiskani, kwenye kompyuta hakuna kitu, mizigo imeshachekiwa na ndege inaita. Kisheria hapo sio tena kuzidisha siku, ni hati ya kughushi.

Na ile ya "kampuni nitakupa mimi, barua ya mwaliko ninayo" ndo mbaya kuliko zote kwa sababu inaonekana kama msaada. Kupata viza kwa udanganyifu faini yake ni yuani 2,000 mpaka 5,000, ikiwa nzito ni mahabusu siku 10 mpaka 15 na faini mpaka 20,000. Anayetoa barua ya uongo naye ana faini yake ila yeye mtamtoa wapi, we ndo uko dirishani na jina lako.

Kitu kingine ambacho kinampa wateja, watu hawasomi stika zao. Pale kuna tarehe ya mwisho ya KUINGIA China, na kuna siku za KUKAA kila ukiingia. Ni vitu viwili. Nimekutana na kijana anasema viza yangu bado miezi miwili, kumbe anasoma tarehe ya kuingia na siku zake 30 za kukaa zimebaki nne. Hesabu inaanza siku inayofuata baada ya kuingia. Fanya leo, andika kwenye simu siku ya mwisho, rudi nyuma siku 7, weka alamu hapo. Ukishafika hapo hujaamua, kata tiketi, kontena atakufungia mtu wa kargo, ndo kazi yao.

Kama tayari ana pasi yako: usimtumie hela nyingine hata senti, kila unayotuma inamwambia kwamba kisima hakijakauka. Mwandikie kwa maandishi, sio voisi, kwamba unataka pasi yako leo saa fulani. Piga skrinishoti kila kitu, malipo, akaunti yake, ule msimbo aliokuskanisha, kabla hajakubloku. Kama ulimrushia hela na bado hajaipokea, WeChat inairudisha yenyewe baada ya masaa 24, kwaiyo usimkumbushe. Kisha piga 12367, ni namba ya uhamiaji wa China, masaa 24, wanaongea Kichina na Kiingereza, waulize kama kuna ombi lolote na ufanye nini. Nenda kituo cha polisi ukaripoti ukweli ulivyo kwamba fulani kashikilia pasi. Usiende ukasema umeiangusha kwenye teksi, ikija kuonekana kwake umejichanganya mwenyewe.

Na wasiliana na ubalozi Beijing. Pasi ni mali ya serikali iliyoitoa, sio yake. Ubalozi ukishakupa hati nyingine na ile ya zamani ikafutwa, alichobaki nacho mkononi ni daftari tu. Yule mama alipomwandikia kwamba ameshafika polisi na ubalozi wana taarifa, pasi ililetwa usiku huo na kijana wa dilivari, ndani ya mfuko wa nailoni, haina stika wala alama yoyote kwamba ilishawahi kufika ofisi ya mtu. Mama akaenda mwenyewe asubuhi kujieleza, na mtoto wa mwenyeji wake akamtafsiria. Hela yake ya mwanzo haijarudi.

NYONGEZA: nimeambiwa sasa hivi ana akaunti mpya na anayeongea kwenye voisi ni mwanamke, anawafuata wanafunzi, anasema anabadilisha viza ya matembezi kuwa ya masomo bila barua ya chuo. Ni watu wale wale, msimbo wa malipo ni ule ule wa yule mama, nimelinganisha. Wenye vijana wenu vyuoni huku watumieni hii, na maadmini wa magrupu nitumieni ujumbe niwape skrinishoti mumtoe.