Avalon barazani kwetu Ngamiani, na wifi niliyemshuku bure

Idi ya pili, baada ya isha, tulikuwa saba barazani kwa mama, barabara ya 12, Ngamiani mjini Tanga. Birika la kahawa, sahani ya kashata, na boksi dogo la Avalon, mchezo wa karata wa kufichana, ambalo kaka alitoka nalo Dubai. Nimeshaucheza mara nyingi sasa, lakini usiku ule ndio ulionifanya niuelewe, kwa hiyo naanzia hapo.

Kwanza unavyochezwa. Mnatakiwa watu 5 hadi 10. Kila mmoja anapewa karata ya siri, yu mtiifu au msaliti. Mkiwa saba, watiifu wanne, wasaliti watatu. Wote mnafumba macho. Wasaliti wanafumbua, wanajuana, wanafumba tena na kunyoosha dole gumba, ndipo mtiifu mmoja, Merlin, anafumbua na kuyaona madole yale. Sisi tunamwita Mjuzi. Misheni ni tano. Kiongozi anataja timu, wote mnafunua kwa mpigo kura zenu za kuikubali au kuikataa, ikipita wanaokwenda wanatoa karata za kufaulu au kufeli kifudifudi, zinachanganywa. Karata moja tu ya kufeli huiharibu misheni, ila ya nne mkiwa saba au zaidi, hapo zinahitajika mbili. Watiifu wakifaulu misheni tatu bado hawajapona: msaliti aliyepewa kazi ya muuaji akimtaja Mjuzi ni nani, ushindi ni wa wasaliti. Ndiyo maana Mjuzi anajua yote na hathubutu kuyasema.

Misheni ya kwanza nilikwenda na Mwanaidi, ikafaulu. Ya pili tulikwenda watatu: mimi, binamu yangu Bakari, na wifi Zainabu. Zilipofunuliwa, kufaulu, kufaulu, kufeli. Mimi najijua ni mtiifu. Basi mwongo ni mmoja wa hawa wawili.

Nikamwangalia wifi. Amekaa kimya, anazungusha kikombe cha kahawa kwenye kiganja, hanitazami. Tena nilikumbuka alipiga kura ya kuikataa timu ile ile aliyokuwemo. Nikasema mbele ya watu, "Wifi, wewe ndiye." Hakujitetea. Alisema tu, "Haya, mwanangu, kama umeona hivyo." Bakari naye akaniunga mkono kwa maneno matamu. Misheni ya tatu wifi akaachwa, nikaenda mimi na Bakari na Salimu. Ikafeli.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu kura badala ya kutazama nyuso. Msaliti akitajwa kwenye timu hufurahi, ndiyo nafasi yake ya kuharibu. Kwa nini basi mtu aikatae timu yenye jina lake mwenyewe? Kwa sababu amemwona mtu humo ndani asiyemtaka. Na Bakari alikuwemo kwenye timu zote mbili zilizofeli. Uzuri wa mchezo huu uko hapa hasa: kura ni za wazi, mkizikumbuka zinasema zaidi ya macho ya mtu. Wifi yangu ni mkimya siku zote, hata akiwa jikoni anasonga ugali, na mimi nikauita ukimya wake uongo.

Zamani shuleni tuliucheza ule mchezo wa Mafia, aliouanzisha Dimitry Davidoff kule Moscow miaka ya 1980. Mle ukiuawa unakaa pembeni unatazama wenzio. Kwenye Avalon, kazi ya Don Eskridge iliyotoka 2012, hakuna anayetolewa, na kwa familia jambo hilo ni kubwa. Mama angetolewa mapema angekwenda kulala.

Mama ndiye aliyeuliza kama uongo wa mchezo ni dhambi. Tukakubaliana sharti moja: kuapa marufuku. Mtu akisema "Wallahi si mimi" barazani kwetu mchezo umekwisha, maana hakuna atakayeapa uongo. Kwa mwenye kuununua, liwekeni sharti hili kabla ya karata kugawiwa. Na kahawa ikae mbali. Karata moja ikipata doa mgongoni, kila mtu atamjua mwenye nayo. Sisi tulilazimika kubandika stika za namna moja nyuma ya zote. Maandishi ni ya Kiingereza, lakini machache. Maneno ya kufumba na kufumbua nimeyaandika kwa Kiswahili kwenye karatasi, anayasoma yeyote. Mkiwa watano unakwisha upesi mno. Saba ndio utamu wake.

Misheni ya nne nilipata zamu ya kuongoza. Nikamtaja wifi, Mwanaidi, Salimu na mimi, na kwa furaha ya kuujua ukweli nikamwambia kwa sauti, "Nisamehe wifi, uliikataa ile timu kwa sababu ulikuwa unamjua Bakari." Ya nne ikafaulu. Ya tano, watu wale wale, ikafaulu. Tukapiga vigelegele.

Bakari alisubiri tunyamaze. Ndiye aliyekuwa muuaji. Akamnyooshea wifi kidole, wala hakufikiri, maana mimi nilikwisha kumwonyesha. Wifi akaigeuza karata ya Merlin, akaiweka taratibu karibu na sahani ya kashata, akanishika goti.

Boksi sasa linakaa nyumbani kwake.