Seti ya Matengenezo ya Kabureta: Funga Mpira, Shaba Ichunguze Kwanza

Karibuni watazamaji. Mezani leo kuna seti ya matengenezo ya kabureta, zile zinazouzwa ndani ya kifuko kimoja kwa ajili ya pikipiki za Kijapani za miaka ya 1970. Seti moja ni ya kabureta moja tu, kwa hiyo mwenye Honda CB750, iliyotoka mwaka 1969 ikiwa na kabureta nne, ajiandae kununua nne. Ndani kuna jeti kuu, jeti ndogo, sindano na mrija wake, vali ya floti (boya la kupima kiwango cha petroli) na kiti chake, skrubu ya mchanganyiko, gasketi ya bakuli na oringi kadhaa, yaani pete za mpira.

Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda asipotee. Gasketi na oringi funga bila wasiwasi, kwani za zamani zimeshakakamaa na kazi yake zimemaliza. Vitu vya shaba usiviguse mpaka uvilinganishe na vile vilivyotoka kwenye kabureta yako, na mara nyingi utaishia kuvirudisha vya asili.

Nieleze kwa nini. Jeti ni kipande cha shaba chenye tundu lililopimwa. Namba 110 kwenye jeti kuu ya Keihin, watengenezaji wa kabureta, inafuata kipenyo cha tundu, yaani karibu milimita 1.10. Mikuni, watengenezaji wengine, kwenye jeti zao kuu za pembe sita, wanahesabu kiasi cha mafuta kinachopita. Kwa hiyo 110 ya huyu si 110 ya yule, na kiwanda cha seti za rahisi kinaweza kugonga namba sahihi juu ya tundu lisilo sahihi. Halafu angalieni hapa, niisogeze karibu na kamera: jeti ndogo ya asili ina vitundu ubavuni, ndivyo vinavyochanganya hewa na petroli kabla haijafika kwenye koo la kabureta. Hii ya kwenye seti ina vitundu vichache, na vimekaa juu zaidi. Namba ni ileile, lakini pikipiki haitanguruma vilevile.

Sindano nayo ilaze sambamba na ya zamani juu ya karatasi nyeupe. Tazameni mahali inapoanza kuchongoka. Tofauti ya milimita moja hapo inabadilisha mchanganyiko kuanzia robo ya aksileta hadi robo tatu, eneo unaloendeshea karibu safari nzima. Hesabu pia mitaro ya kipini, ile klipu inayoishika sindano, na uandike kipini kilikuwa kwenye mtaro wa ngapi kutoka juu kabla hujakitoa.

Je, shaba ya asili haichakai? Inachakaa, hasa mrija wa sindano. Sindano inacheza ndani yake miaka nenda rudi mpaka tundu la duara linakuwa la yai. Dalili yake ni kwamba kwenye mwendo wa kati pikipiki inakuwa nzito, plagi inapiga masizi meusi, na ukishusha sindano mtaro mmoja nafuu ni kidogo tu. Ukiona mstari unaong'aa upande mmoja wa sindano, badilisha sindano na mrija kwa pamoja. Hapo tafuta vipuri vya mtengenezaji wa kabureta yenyewe kwa namba iliyogongwa juu yake, usichukue vya kifuko hiki.

Vali ya floti ndiyo inayoniumiza kichwa zaidi. Ya zamani ikiwa na pete iliyochimbika kwenye ncha yake, haizibi tena, lazima itoke pamoja na kiti chake. Ila zisimamishe mbili, ya zamani na mpya, na uzipime urefu kwa kalipa. Mpya ikiwa ndefu zaidi, floti itafunga mapema na kiwango cha petroli kitakuwa chini. Ikiwa fupi, bakuli litafurika. Ndiyo maana ukibadilisha vali ni lazima upime tena urefu wa floti. Kwenye CB750 za mwanzo kipimo ni milimita 26, ila wewe fuata kitabu cha pikipiki yako. Inamisha kabureta ili ulimi wa floti uguse kipini cha vali bila kukikandamiza. Kile kipini kina springi ndogo, ukiilaza floti kwa uzito wake wote utapata kipimo cha uongo. Kama ulimi ni wa chuma, ukunje kidogo kidogo.

Floti yenyewe itikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani, imetoboka. Ya shaba iliyotoboka itumbukize kwenye maji ya moto na mapovu yatakuonyesha mahali.

Turudi nyuma kidogo, kwenye kufungua. Skrubu hizi za Kijapani zina kichwa cha msalaba wa JIS, yaani kiwango cha viwanda vya Japani, na bisibisi ya kawaida ya nyota inazikwangua kwa sababu haikai mpaka chini. Tafuta bisibisi ya JIS. Skrubu ikigoma, igonge kichwani kwa bisibisi na nyundo ndogo kabla ya kuizungusha. Kabla ya kuitoa skrubu ya mchanganyiko, ikaze polepole ukihesabu mizunguko mpaka iguse, kisha uandike. Usiilazimishe, ncha yake huvunjikia ndani na ukishafika hapo kabureta nzima iko hatarini.

Kuirudisha kuna utaratibu. Kwa zile zenye springi, washa (kipete bapa) na oringi, mpangilio kutoka kichwani ni springi, washa, halafu oringi ndiyo inayoingia kwanza tunduni. Washa ikisahaulika, springi inaitafuna oringi na hewa inapita pembeni. Oringi ya zamani hubaki imenata kule chini, na watu wengi hufunga mpya juu yake bila kujua, kisha wanashangaa skrubu haisikii marekebisho. Mulika kwa tochi, itoe kwa waya mwembamba uliokunjwa ncha.

Na ujue skrubu yako ni ya kitu gani. Ikiwa upande wa chujio la hewa, inapima hewa, ukiikaza unaongeza uzito wa mchanganyiko, yaani petroli inazidi. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta, ukiikaza unaupunguza.

Usafishaji nitaupitia haraka. Toa kila kitu cha mpira kabla ya kutumia dawa kali, vaa miwani, puliza kila njia kwa upepo wa kompresa na uhakikishe unatokea upande wa pili. Jeti ndogo ichungulie dhidi ya mwanga, uone duara kamili. Ikiwa bado imeziba, tumia uzi mmoja wa waya wa shaba ulio mwembamba kuliko tundu. Keekee au sindano ya chuma inapanua tundu, na jeti ya 40 haiwi ya 40 tena.

Sasa, tatizo liko wapi? Bandika kipande cha utepe kwenye mshiko wa aksileta, kingine kwenye sehemu isiyozunguka, uweke alama za robo, nusu na robo tatu. Pikipiki ikisumbua kabla ya robo, mshukiwa ni jeti ndogo na skrubu. Kati ya robo na robo tatu ni sindano na mrija wake. Kuanzia robo tatu kwenda juu ni jeti kuu. Inayowaka kwa choki tu na kuzima ukiirudisha, karibu kila mara jeti ndogo imeziba. Ile ambayo resi inachelewa kushuka ukiachia aksileta, kagua mipira inayounganisha kabureta na injini kama ina nyufa, maana inavuta hewa ya wizi. Inayokata baada ya kukimbizwa kwa muda, fungua kifuniko cha tanki. Ikichangamka, tundu la hewa la kifuniko limeziba na hapakuwa na kosa lolote kwenye kabureta.

Kabureta husingiziwa sana, kwa kweli. Pima nafasi ya vali za injini, pointi za kuwashia na moto wa plagi kabla hujashika bisibisi.

Jambo moja naomba mlichukulie kwa uzito. Kama kabureta ilikuwa inavujisha, petroli inaweza kuwa imeshuka kupitia silinda mpaka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili, inusa. Ikinuka petroli au ikiwa imepanda kupita alama, imwage na ubadilishe kabla ya kuwasha, kwani oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi.

Ukishafunga, unganisha mpira mwangavu kwenye tundu la kumwagia la bakuli, uinue pembeni yake huku pikipiki ikiwa imesimama wima, na ufungue koki. Utaona kiwango cha petroli kwa macho yako, kabureta zote zilingane. Kulinganisha mvuto wa hewa kati ya silinda kunafuata mwisho, injini ikiwa ya moto, kwa geji za vakyumu. Weka feni kubwa mbele, maana injini ya kupozwa kwa upepo haivumilii kunguruma muda mrefu imesimama. Rekebisha kwanza mpaka geji zisome sawa, kisha ndipo urudi kwenye skrubu ya sailensi, ile ya mzunguko wa injini bila aksileta, uishushe resi kwenye kiwango cha kitabu.

Na pikipiki ikienda kukaa zaidi ya mwezi, funga koki, legeza skrubu za kumwagia na utoe petroli yote kwenye mabakuli, hasa ikiwa petroli yako ina ethanoli, ambayo hunyonya maji.